Baba Anahamia Ghorofa ya Tatu

Kijijini, 6 Novemba 2022

Kwako A-Hiong, mdogo wangu,

Huku tupo. Goti la kulia limevimba tena, la kushoto bado linafanya kazi. Mwanangu A-Seng na mkewe wazima. Chaza mwaka huu wadogo, bahari ilikuwa moto mno. Unaingiza kisu, unafungua, unatoa kitu kama kamasi.

Naandika kwa mkono wangu, usinicheke mwandiko. Shule niliacha darasa la tatu, unajua. Simu sitaki. Kwenye simu tutagombana, na bandani wako wanawake kumi na wawili wanafungua chaza huku wametega masikio. Anwani nimeitoa nyuma ya kalenda uliyonitumia.

Jambo lenyewe hili. Serikali inapanua ukuta wa bahari. Nyumba ya Baba inabomolewa mwisho wa mwezi wa tatu. Vyombo nimeshagawa. Kimebaki kibao cha majina ya wafu wetu. Baba, Mama, babu, wote wamo. Kila siku naenda kuwachomea udi kwenye nyumba tupu.

Mimi siwezi kukichukua. Niliolewa kwa Ong. Nikiweka kina Tsai wa kwetu juu ya meza ya kina Ong, shemeji zangu watasema tumekuja kula udi wao. Marehemu mume wangu asingesema kitu, lakini hayupo, ni mwaka wa nne sasa. Mtoto wa kiume ni wewe. Kibao ni chako.

Njoo ukichukue. Au niambie nikuletee.

Mimi dada yako,
Siok-gim

*

Kaohsiung, 28 Novemba 2022

Dada Siok-gim,

Barua nimeipata wiki iliyopita. Pole na goti. Mimi mzima. Kazi ya kupaka rangi meli nimeacha, mapafu yamekataa. Sasa nalinda geti la maegesho ya magari, kazi ya kukaa. Alhamisi nakula vizuri, siku nyingine tambi.

Kuhusu kibao, siwezi. Mahali pangu hapafai. Kipeleke hekaluni, wana rafu, watawa wanachoma udi kila siku kuliko mimi.

Usiniletee chochote. Baridi ikianza funga goti.

Bun-hiong

*

Kijijini, 9 Desemba 2022

A-Hiong,

Goti nimefunga. Asante ya bure.

Hekaluni nimekwenda kuangalia. Rafu zipo, kama masanduku ya posta. Mtawa akanionyesha nafasi, safu ya chini kabisa, karibu na ndoo ya kupigia deki. Kushoto mtu asiyejulikana, kulia mtu asiyejulikana. Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa hakai hata kwenye basi karibu na mtu asiyemjua." Akacheka. Mimi sikucheka. Hapo wanakwenda wasio na watu. Baba ana watu wawili, mimi na wewe.

Nikaona nimwulize mwenyewe. Nilichoma udi, nikamtajia jina lako na anwani yako yote, mtaa, namba, ghorofa ya tatu. Nikasema, "Baba, utakwenda kukaa nyumbani kwa A-Hiong?" Nikarusha vile vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu. Vyote vikageuza mgongo juu. Hapana. Nikarusha tena. Hapana. Mara saba, A-Hiong. Nina miaka sitini na tano, sijawahi kuona mara saba.

Kwa hiyo bado ana hasira na wewe. Njoo mwaka mpya upige magoti mbele yake umwombe. Wewe ndiye mwenye shida naye.

Unaandika "mahali pangu hapafai" kama kijana wa kupanga. Una miaka sitini. Huna mke, huna mtoto, hujazika mtu. Hujui kuamka kwenye nyumba yenye kiti kitupu. Ungejua, usingemtupa Baba kwenye rafu.

Siok-gim

*

Kijijini, 11 Januari 2023

A-Hiong,

Barua yangu haijarudi, kwa hiyo umeipata.

Nimekutumia chaza wakavu kilo moja. Wanawake wa bandani wananiuliza, "Mdogo wako wa mjini anakuja sikukuu?" Nawaambia ana kazi nyingi. Bi mmoja akasema, "Kazi gani hiyo ya miaka thelathini na sita bila likizo?" Nikamrushia ganda.

Kuku wa sikukuu nimemwagiza mkubwa. Usipokuja tutakula wenyewe.

Siok-gim

*

Kaohsiung, 2 Februari 2023

Dada,

Chaza wamefika, tumewala na uji. Nasema tumewala. Utaelewa mbele.

Umeandika sijazika mtu. Barua nikaifunga, nikaiweka chini ya godoro. Leo nimeitoa.

Nimezika mtu. Alikuwa anaitwa Lo. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa Hualien, mnene, anakoroma. Tulikaa pamoja miaka ishirini na saba kwenye nyumba yake. Alikufa mwezi wa saba mwaka juzi, ini. Sheria ya kuturuhusu kuoana ilipokuja nikamwambia, "Twende tukaandikishane." Akasema, "Na vitambi hivi? Karani atatucheka mpaka apaliwe." Tukaahirisha. Basi, karatasi haikuwepo. Wapwa zake walikuja na adabu zote, wakanipa siku kumi nihame. Nyumba ni yao kisheria. Sasa nimepanga chumba cha mbao, mama mwenye nyumba hataki hata kibiriti kiwashwe. Ndiyo maana ya hapafai. Si Baba.

Anwani uliyonayo si nyumbani kwangu. Barua zangu zinafika hapo tu, kwa sababu vyumba nahama. Ni kituo cha sisi mashoga na wasagaji wa mji huu, na wengine wa aina yetu. Ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Ngazi kali, huwezi na goti lako. Kuna sebule, jiko, chumba cha simu ambako vijana waliofukuzwa kwao wanapiga na kulia. Alhamisi kuna chakula cha wazee.

Usifikiri ni mahali pa starehe. Nitakuambia walichofanya. Lo alipolazwa, nesi aliniuliza, "Wewe nani wake?" Nikasema rafiki. Akasema rafiki aje saa za wageni. Binti mmoja wa kituo anaitwa Yi-chun, mdogo, miwani mikubwa. Alikuja na mafaili yake akakaa na mganga mkuu saa mbili. Alipotoka, nikapewa kiti cha kulala pembeni ya kitanda. Siku kumi na tisa nililala pale. Lo alikufa ameshika kidole changu, hakushika cha mpwa.

Kwenye mazishi niliwekwa safu ya nyuma, na marafiki wa kazini. Ndugu zake wote walibandikwa kitambaa cha gunia begani, alama ya wafiwa. Mimi sikubandikwa. Nilirudi kituoni na shati safi, halina alama, kama nimetoka benki. Kuna Bi Kiok pale, mpishi wa Alhamisi. Alizaliwa akapewa jina la kiume, sasa ana miaka sabini na moja na mdomo kama wembe. Aliniangalia bega. Akachukua mkasi, akakata gunia la mchele, akanibandika kwa pini ya nguo. Halafu akasema, "Sasa we mjane, kaa ule. Marehemu hawezi kula sehemu yako."

Kwa hiyo najua kiti kitupu, dada. Na hata hicho kiti walichukua.

Baba alinifukuza kwa picha moja, mimi na mwanajeshi mwenzangu, mwaka 86. Mpaka leo sijui nani alimpa. Sitaki kujua. Alipokufa nilikuja, nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka jeneza likapita. Wewe hukuniona.

Bun-hiong

*

Kijijini, 20 Februari 2023

A-Hiong, mdogo wangu,

Goti vilevile. Mke wa A-Seng ana mimba, mwezi wa tatu, usimwambie mtu. Chaza wameanza kunenepa.

Nilikuona ng'ambo ya barabara. Ulivaa koti la kijani.

Barua yako nimeisoma bandani chooni, mahali pekee penye mlango. Nilipotoka bi mmoja akaniuliza, "Nani kafa?" Nikasema, "Shemeji yangu." Wakasimamisha visu wote. "Shemeji yupi?" Nikasema, "Lo, fundi wa friji." Wakanipa pole. Mmoja alinipa sabuni na taulo kama inavyopaswa kwa mfiwa. Taulo nimekuwekea.

Kosa nimelifanya mimi. Nilimtajia Baba anwani ya ofisi nikamwambia ni nyumba ya mwanawe. Baba alikwenda akaangalia, akakuta meza za watu na simu zinalia, wewe hulali pale. Ndiyo akakataa mara saba. Unajua Baba na anwani. Alikuwa akirudisha hata kadi ya harusi kama wamekosea namba ya nyumba. Hakukukataa wewe. Nilikuandikia uongo bila kujua.

Zimebaki wiki tano. Sasa nijibu haya. Hicho kituo kina rafu? Udi unaruhusiwa? Nani anafagia? Usiku kinafungwa na nani? Wanawake wa kawaida kama mimi wanaingia? Muulize mkubwa wao.

Sina zaidi ya hayo leo.

Siok-gim

*

Kaohsiung, 8 Machi 2023

Dada,

Umemwita shemeji. Nimeisoma mara mbili.

Majibu. Rafu ipo, jikoni, juu ya friji aliyoitengeneza Lo. Kuna picha tano za wenzetu ambao kwao hawakutaka kuwaweka. Lo ni wa sita, picha nilipiga mimi, amefumba jicho moja. Maji nabadilisha mimi. Udi ruhusa, dirisha wazi. Anafagia kila mtu kwa zamu, vibaya. Funguo ziko kwa Yi-chun. Wanawake wa kawaida wanaingia, wengi ni mama za watu, wanakuja wamefura, wanaondoka wamebeba mabakuli ya Bi Kiok.

Nililipeleka suala lako Alhamisi. Pakawaka moto. Kijana mmoja mwenye nywele za bluu akasimama. "Mzee Hiong, nakuheshimu. Lakini sisi tumekimbia baba zetu. Leo tumlete baba hapa tumwinamie? Tena aliyekufukuza?" Wenzake wakapiga meza. Mwingine akasema, "Akishakaa juu ya friji, mimi chai sichukui." Ana haki.

Bi Kiok alikuwa anakatakata vitunguu. Akasema bila kugeuka, "Wangu alinivunja mkono huu. Akija hapa namtupa dirishani na kibao chake. Lakini huyu si wangu, ni wa Hiong. Hiong anataka?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Nataka." Sikujua nitasema hivyo, dada. Niliogopa sauti yangu.

Yi-chun ndiye akakata shauri. Sheria ya kituo ni moja, hakuna anayeletwa hapa kwa kudanganywa. Wapo watoto waliletwa na wazazi kwa uongo, wapo wazazi waliletwa na watoto kwa uongo, yote huishia kilio. Akasema mzee aambiwe ni mahali gani, kina nani wapo, na kwa nini mwanawe yupo pale. Akikubali kwa kujua, ghorofa ya tatu ni yake. Kijana wa bluu akasema, "Akikubali nitabadilisha hata maji." Anadhani hatakubali.

Basi mwambie. Mwambie yote. Mimi siwezi, hajanisikiliza tangu 86.

Bun-hiong

*

Kijijini, 24 Machi 2023

A-Hiong,

Tingatinga limefika, limeegeshwa kwa jirani. Leo naandika haraka.

Jana nilikwenda mapema kabla ya banda. Nilipiga deki, nikachoma udi, nikamwambia Baba. Nilisema ni kituo cha mashoga na wasagaji, nikalisema neno hilo kwa sauti, mbele ya Mama. Nikamwambia Lo, miaka ishirini na saba, friji, siku kumi na tisa hospitalini, gunia la mchele. Nikamwambia kijana wa nywele za bluu hamtaki. Nikarusha.

Vipande vikageuza tumbo juu vyote viwili. Anacheka. Maana yake sema vizuri, au umeficha kitu. Nikarusha tena. Anacheka. Mara ya tatu, anacheka. Nikakaa chini na goti langu.

Nimeficha kitu kweli.

Picha nilimpa mimi. Ulileta nguo za kufua, likizo ya jeshi, ikawa mfukoni. Ilikaa kwangu siku mbili. Nilikuwa nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina aibu ya kila kitu. Nilidhani Baba atakupiga makofi mawili na yataisha. Sikudhani atafungua mlango. Ulipotoka nilikuwa jikoni, nilikusikia, sikutoka. Mama alikufa akidhani picha aliileta mfanyakazi wa posta.

Uliandika hutaki kujua. Sasa umejua. Nilimwambia Baba mbele ya udi kwamba nitakuandikia, na nilipomaliza kusema hivyo nikarusha. Kimoja mgongo, kimoja tumbo. Ndiyo. Mara tatu mfululizo, sikuchezea.

Kama hutaki nije, andika. Usipoandika, tarehe 30 napanda treni ya saa mbili asubuhi. Mwavuli mweusi wa kuwakinga wafu na jua ninao.

Siok-gim

*

Kijijini, 10 Aprili 2023

A-Hiong,

Nilifika nyumbani salama, na goti. Nyumba ya Baba imeondoka tarehe tatu, kwa nusu saa tu. Nilisimama nikaangalia. Sikuona kitu cha kuliliwa, walishahama.

Nakuandikia ya njiani kwa sababu hukuniuliza. Ndani ya treni ya kuja kwako nilimshika Baba kifuani, mwavuli nimeufungua. Kila daraja nikawa nasema kwa sauti, "Baba, Mama, tunavuka mto, msibaki nyuma." Msichana mmoja wa chuo akavua vitu vya masikioni. "Bibi, unaongea na nani?" Nikamwambia, "Na baba yangu. Toa mkoba wako hapo akae vizuri." Akautoa. Mto wa pili yeye ndiye aliyenikumbusha, "Bibi, daraja hilo!"

Stesheni ulichukua mwavuli. Hukusema neno na mimi. Njia nzima uliongea na Baba tu. "Baba, kona. Baba, taa nyekundu, tunasubiri. Baba, ngazi, ni kali, pole pole." Kwangu hukusema hata pole. Ni haki yako. Ngazi zile nilipandishwa na kijana wa nywele za bluu, alinisukuma mgongoni kama gunia. Alinong'ona, "Bibi, alikubali kweli?" Nikasema, "Mara tatu." Akasema, "Basi nimekwisha." Ni mtoto mzuri. Mwambie ale.

Bi Kiok nimempenda. Aliangalia mikono yangu akasema, "Hii ya kazi," akanipa kisu, sikukaa mgeni hata dakika moja.

Sasa sikiliza. Ule ubao nilioupasua kwenye kreti ya chaza na kuuweka katikati ya rafu, ndio desturi. Majina mawili tofauti ya ukoo hayakai meza moja bila ubao, watagombania udi. Tsai upande mmoja, wenzenu upande wa pili. Niliuweka sawasawa na bado nausimamia.

Lakini Lo nilimwacha upande wa pili. Nilifikiri hivyo ndani ya treni ya kurudi, mpaka nikapitiliza kituo. Ubao ni kwa ajili ya wengine. Mhamishe Lo. Mweke upande wetu, karibu na Mama, Mama alipenda watu wanene. Mwulize Baba kwanza, usimfanyie kwa kumshtukiza.

Siok-gim

*

Kaohsiung, 21 Aprili 2023

Dada,

Mke wa A-Seng anaendeleaje? Hapa wazima. Kijana wa bluu anabadilisha maji kila asubuhi na kumsalimia Baba kwa kelele. Juzi nilimsikia akimwambia, "Mzee, shikamoo, leo tumepokea simu nane."

Kuhusu picha. Nilisimama stesheni nimepanga maneno ya kukuambia, wiki nzima nimeyapanga. Ukashuka na goti hilo, kibao kifuani, unamwambia Baba aangalie pengo la treni. Nikachukua mwavuli. Bado nina hasira, dada. Ni kubwa, na sasa ina jina lako. Sitaki kuibeba peke yangu chumbani. Njoo mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, tugombane hapa, mbele ya watu, kisha tule. Bi Kiok anataka chaza wabichi, anasema wale wakavu ni wa wagonjwa.

Taulo la pole sijaoga nalo. Nimelitundika.

Lo nimemwuliza Baba. Nilisimama mbele ya friji, wote nyuma yangu, Yi-chun ameshika mafaili. Mara ya kwanza namwuliza Baba kitu tangu 86. Nikasema, "Baba, huyu ndiye. Akae upande wako?" Nikarusha. Vipande vyote viwili tumbo juu.

Anacheka.

Kijana wa bluu akasema, "Amekataa!" Bi Kiok akamchapa na kitambaa cha vyombo. "Kucheka si kukataa, mjinga we. Mzee anafikiri."

Kwa hiyo nitamwuliza tena kesho, na keshokutwa. Haendi popote, mimi pia. Lo nimemweka upande wetu asubiri jibu hapo hapo, amefumba jicho moja.

Mdogo wako,
A-Hiong